Kitatange Aliyetawishwa

Bahari ilifika Nyabiyonza mwaka 1988 ikiwa ndani ya madumu kumi na sita, imechoka na inanuka plastiki. Ilikuwa imepanda treni kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza, ikavuka ziwa kwa meli mpaka Bukoba, ikamalizia safari juu ya lori lililokuwa likija kuchukua kahawa. Mimi ndiye niliyeipa pumzi. Nalisema mapema, asije mtu mwingine akanisemea, tena vibaya.

Mwenye bahari hiyo alikuwa Mwalimu Kokwijuka, mwalimu wa baiolojia katika shule ya wasichana ya misheni. Alikuwa amesomea viumbe vya baharini huko pwani, na alipoletwa kwetu akakuta wanafunzi wanachora samaki wa bahari kwa kunakili ubaoni. Kila samaki alitoka anafanana na sato. "Siwezi kuwapeleka wasichana themanini baharini," alisema. "Basi bahari itakuja." Akaunganisha vioo vinene vya dirisha vikawa tangi refu kama benchi la darasani, akaliweka pembeni mwa chumba cha sayansi, akapanga ndani mawe ya matumbawe aliyokuja nayo kwenye gunia. Kisha akakwama. Samaki wa tangini anataka maji yanayotiwa hewa, mashine ya kutia hewa inataka umeme, na jenereta ya shule iliwaka saa mbili tu kwa siku.

Ndipo akaja kwangu, njia panda, nilikokuwa fundi baiskeli.

Nilichukua tairi kuukuu la lori likiwa na mpira wake wa ndani. Nikaomba zahanati mpira wa dripu, ule mwembamba wenye kigurudumu cha kupunguzia dawa, nikaufunga kwenye valvu. Ncha ya pili nikaichomeka kwenye kipande cha mkaa, nikakibana chini ya jiwe ndani ya tangi. Nikalijaza tairi kwa pampu yangu ya kusimama, mikupuo mia nne, nikafungua kigurudumu kidogo. Mapovu yakapanda, madogo na mengi kama ya soda. Mwalimu Kokwijuka alikaa sakafuni akayatazama. Kisha akasema, "Fundi Mbonimpa, wewe ulitakiwa uwe darasani." Nikamjibu kwamba darasani nilikuwepo mpaka la saba, na lililobaki nilijifundisha. Ilikuwa kweli. Hata tungo zangu nilijifundisha mwenyewe, nikiziandika nyuma ya maboksi ya mipira ya baiskeli.

Kwa miezi mitatu tangi lilikuwa na samaki mmoja tu, mdogo, mweusi, mkali. Wasichana walimwita Mwenyeji. Huyo alikula chochote. Angekula chaki kama angepewa. Mwalimu alisema amewekwa kwanza ili maji yazoee kuwa na kiumbe. Mimi nilijaza tairi asubuhi, adhuhuri na magharibi, na Mwenyeji akanenepa.

Mwezi wa Novemba ndugu yake Mwalimu, mfanyakazi wa treni, akamleta samaki wa pili ndani ya ndoo yenye mfuniko. Alikuwa kitatange. Mwili wa njano kama ndizi iliyoivia mgombani, michirizi myeusi ubavuni, na mdomo mrefu mwembamba kama wa chozi, yule ndege anayenyonya maua ya migomba. Hakumwagwa tangini hivi hivi. Mwalimu alichota maji ya tangi kikombe kimoja, akayatia kwenye ndoo, akangoja, akachota kingine. Alifanya hivyo saa nzima na zaidi.

"Mbona unamchelewesha mgeni mlangoni?" nikamuuliza.

"Maji aliyotoka nayo na maji anayoingia si sawa," alisema. "Ukimtupa humo ghafla, mwili wake unashtuka. Anaweza kufa na macho yake mazuri."

Alipoingia tangini alikwenda moja kwa moja nyuma ya jiwe, akabaki huko. Hadi hapo hatukuwa tumekosea kitu. Kosa lilifanywa kesho yake, na lilifanywa kwa heshima kubwa.

Kwetu mgeni hasalimiwi na mtu mmoja. Habari ilipoenea kwamba Mwalimu amepata mgeni kutoka baharini, kijiji kizima kilikuja mchana kumwamkia. Walikuja wazee na fimbo zao, akina mama na watoto mgongoni. Kila aliyefika alifanya alilofundishwa na wazazi wake: alibisha hodi. Walibisha kwenye kioo.

"Hodi humu! Karibu waitu, ndugu yetu, karibu Nyabiyonza!"

"Mbona haitikii?"

"Pengine hajui Kinyambo. Mwamkieni kwa Kiswahili, ametoka Dar."

Na kwa kuwa mgeni haendewi mikono mitupu, kila mtu alileta chakula. Byarugaba, mpishi wa shule, alitumbukiza kipande cha yai la kuchemsha. Mama mmoja alidondosha senene watatu wa kukaanga, wale panzi wanaoliwa kwetu, maana ulikuwa msimu wao, na mgeni gani anakataa senene? Mwingine akatia maharage. Mwalimu alikuwa akipiga kelele, "Tafadhali! Jamani, tafadhali!" na hakuna aliyemsikia kwa furaha iliyokuwepo. Kitatange aliruka kutoka pembe hii hadi ile. Kila alipokimbilia jiwe, Mwenyeji alitoka akamng'ata mkia.

Kijana mmoja aliangua kicheko. Alikuwa Kamugisha, rika langu, mwenye mashamba ya kahawa ya babu yake, na bingwa wa majigambo.

Majigambo kwetu si mchezo. Sikukuu inapofika, mwanamume hushika mkuki, akasimama mbele ya watu, akajisifu kwa maneno ya kupimwa, haraka, bila kukwama. Lakini hujisifii usilolitenda. Mtu yeyote anaweza kukukata kwa neno moja tu, "Ushahidi!", na usipokuwa nao unakaa chini ukiwa umeuma ulimi. Kila Jumapili ya Kristo Mfalme, sikukuu ya misheni yetu, walisimama wana wa wenyeji. Mwana wa kibarua hakuwahi kusimama. Marehemu baba yangu, Harerimana, alivuka mto Kagera kutoka nchi jirani kuja kuchuma kahawa za watu, nami nilizaliwa kwenye kibanda cha pembeni mwa shamba lisilo letu. Nilikuwa na tungo mia. Nilizisemea spoku za baiskeli.

"Mtazameni," Kamugisha alisema. "Mtu wa kuja anamlea samaki wa kuja. Huyo anakufa kesho kutwa, na mwenzake arudi kuziba pancha."

Damu ikanipanda. Sijui kunyamaza, wala sijawahi kujifunza.

"Huyu samaki atakula," nikasema. "Na Jumapili ya Kristo Mfalme nitasimama mbele yenu nijigambe kwa hilo."

"Usimame? Ushike nini? Mkuki wa babu yako uko wapi? Au utashika pampu?"

Watu walicheka mpaka mapovu yakasahaulika.

"Nikishika pampu utasemaje?"

"Nitasema ushahidi! Ale mbele ya watu, siku hiyo hiyo. Asipokula, usifungue mdomo wako kujigamba hapa Nyabiyonza mpaka unazikwa. Unakubali, fundi?"

"Nakubali. Mashahidi ni hawa hawa."

Watu walipoondoka Mwalimu Kokwijuka alikuwa akivua maharage kwa kichujio cha chai. "Fundi," alisema bila kunitazama, "huyo samaki hajala tangu Dar es Salaam."

Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili.

Tulijaribu kila kitu. Tulimpa dagaa waliotwangwa, wakazama mbele ya pua yake asiwaangalie. Ini la ng'ombe lililokunwa lilimpita likaliwa na Mwenyeji. Viluwiluwi vya mbu kutoka pipa la mvua viliruka hai ndani ya maji, akavitazama kidogo, na kabla hajaamua, Mwenyeji alikuwa amekwisha kumfukuza hadi pembeni. Wasichana nao walikuwa wanakuja kila mapumziko kuangalia kama amekula. Walibandika nyuso kwenye kioo, pumzi zao zikafanya ukungu.

Siku ya tano Mwalimu alikaa juu ya meza, miguu ikining'inia kama mwanafunzi aliyefukuzwa.

"Ona tumbo lake lilivyobonyea," alisema. "Mgongo umekuwa kama kisu. Pwani walinionya kwamba kitatange ni mgumu kuanza kula. Nilidhani mimi nitaweza."

"Na akianza?"

"Akianza, amepona. Wakishaanza hawaachi. Kuanza ndiko kazi."

Nilikwenda nyumbani nikiwa nimekasirika. Mama yangu, Nyirabageni, alikuwa uani anachambua maharage kwenye ungo. Nilimwamkia, nikakaa kwenye kinu, nikamweleza kila kitu, pamoja na lile la Kamugisha na pampu. Alisikiliza huku vidole vyake vikitupa mawe.

"Kwa hiyo mnamletea chakula, na wote mnamkodolea macho," alisema mwishoni.

"Tutajuaje amekula, mama, tusipomtazama?"

"Mimi nilipofika hapa sikula siku nne."

Sikuwahi kusikia habari hiyo. Aliweka ungo chini.

"Nilikuwa na miaka kumi na tisa, ndoa ina wiki mbili, na njiani tumelala porini. Watu wa hapa ni wema, mwanangu, usije ukasema uongo juu yao. Walikuja wote. Walileta ndizi na maharage, walileta maziwa, wakakaa, wakanitazama nile. Macho arobaini! Tonge likifika hapa," alijigusa koo, "linarudi. Wakasema mke wa Harerimana ana maringo. Wengine wakasema anaumwa. Siku ya nne akaja bibi mwenye shamba, Kemilembe."

"Bibi yake Kamugisha?"

"Huyo huyo. Alitazama mara moja akawafukuza wote. Aliwaambia, huyu ni mgole, ni bibi harusi kama mabinti zenu, na mgole hatazamwi akila. Nani amemtawisha? Hamna! Mnamweka uani kama mbuzi wa mnada. Akatundika mkeka katikati ya chumba, akaniweka upande wenye giza na chakula changu. Yeye akakaa upande wa pili, akanipa mgongo, akala. Alikula kwa kelele makusudi, mwanangu, anatafuna na kusifia maharage. Mimi nikasikia mate yanajaa mdomoni. Nikala. Nililia huku nakula, na hakugeuka."

Akachukua tena ungo wake. "Kesho nipeleke nikamwone huyo mgole wenu."

Mwalimu Kokwijuka alimpokea kwa shikamoo na kiti. Mama hakukaa. Alimtazama kitatange kwa pembe ya jicho tu, kama mtu apitaye, kisha akavua kanga yake ya juu akafunika kioo cha mbele.

"Nani huyu mweusi anayempiga?"

"Tunamwita Mwenyeji," Mwalimu alisema.

"Mtenganishe naye. Lakini wasikiane. Wajuane kwa mbali."

Nilitaka kutengeneza fremu ya spoku. Mwalimu akasema chuma hapana, chumvi itakila na maji yataharibika. Basi nikakata dumu, nikapata fito nne za plastiki, nikatandaza juu yake wavu wa mfuko wa vitunguu, nikaligawa tangi sehemu mbili. Mwenyeji akabaki kushoto, anagonga wavu kwa hasira. Tulitoa mabaki yote ya chakula, tukapunguza maji machafu na kuongeza dumu moja la akiba.

"Na chakula?" Mwalimu aliuliza. Nilipenda sana alivyouliza. Yeye mwenye shahada alimuuliza mama yangu asiyejua kusoma, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka jibu.

"Mdomo wake ni wa chozi," mama alisema. "Nani alimwona chozi akila kwenye sahani? Chozi anadonoa ndani ya ua. Ninyi mnamtupia vitu vikipita, naye hajui kukimbiza. Huyu ana haya na mdomo mrefu. Mpeni tundu adonoe."

Mwalimu alijipiga paji la uso. "Matumbawe," alisema. "Huko kwao wanadonoa kwenye matundu ya matumbawe. Nimewachora ubaoni wakifanya hivyo! Kwa mkono wangu huu!"

Mama alikuwa amekuja na kopo. Ndani mlikuwa na nyungunyungu aliowafukua chini ya majani ya migomba yetu. Tuliwaosha, tukawakatakata mpaka wakawa kama ugali mwekundu, tukawapachika ndani ya matundu sita ya jiwe moja la matumbawe, tukalisogeza jiwe upande wa mgeni. Upande wa Mwenyeji tukatia vipande vichache. Kisha mama akatugeuza mimi na Mwalimu, nyuso ukutani, akatoa ndizi ya kuchoma kwenye kitambaa chake, akaanza kutafuna kwa kishindo.

"Mama Mbonimpa," Mwalimu alisema, mabega yakimtetemeka kwa kicheko, "samaki hasikii kutafuna kwako."

"Umewahi kumuuliza?"

Tukasikia maji yakipigwapigwa: Mwenyeji anakula. Hatukugeuka. Mama alitutoa nje, akafunga mlango, akawakataza wasichana wote chumba hicho.

Jioni, kabla jua halijatua, tulilitoa lile jiwe. Matundu manne kati ya sita yalikuwa matupu, yamefagiliwa mpaka weupe wa ndani. Nilitaka kupiga kelele, lakini Mwalimu alininyoshea kidole. "Ngoja. Huenda maji yameyeyusha." Kumbe alikuwa ameweka jiwe la pili, limejazwa vivyo hivyo, ndani ya ndoo ya maji ya bahari isiyo na samaki. Tukalitoa nalo. Matundu yake yote sita yalikuwa yamejaa kama tulivyoyaacha.

Ndipo nikapiga kelele. Byarugaba alitoka jikoni na mwiko akidhani kuna nyoka.

Kuanzia hapo kitatange alikula kila siku, na kila siku tumbo lake lilijaa kidogo. Alhamisi Mwalimu aliondoa wavu, lakini kwanza alivuruga mawe yote, akahamisha la huku huko. "Ukibadilisha nyumba yote, wote wawili wanakuwa wageni," alisema. "Hakuna wa kusema hapa ni kwangu." Mwenyeji alizunguka akitafuta mlango wake wa zamani, akachoka, akamwacha mwenzake apite. Nililitia neno hilo akilini kwa matumizi yangu.

Lakini kulikuwa na shida moja nayo ilikuwa kubwa. Kitatange alikula watu wakiwa wamegeuka tu. Tulijaribu Ijumaa na msichana mmoja, akiangalia karibu na kioo: samaki akajificha. Msichana akageuka: samaki akatoka. Tulijaribu Jumamosi na watatu, kanga imeondolewa, ikawa vile vile. Tulipomweka mtu mmoja tu, ameketi chini kimya mbali kidogo na kioo, akamvumilia; wawili tayari walimkera. Na sharti la Kamugisha lilikuwa mbele ya watu.

"Mpe siku kumi nyingine," Mwalimu alisema.

"Nina usiku mmoja."

"Basi omba radhi, fundi. Si aibu."

Najua kuziba pancha, najua kupanga vina, lakini kuomba radhi kwa jambo nililolishinda, hilo sikulijua.

Jumapili ya Kristo Mfalme misa iliisha saa tano. Uwanja ulijaa, ngoma zikapigwa, rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikapita kwa vibuyu. Wanaume sita walijigamba, wa sita akiwa Kamugisha, na nikiri kwamba alikuwa moto. Mkuki ulitetemeka mkononi mwake kama una uhai. Alipomaliza hakukaa.

"Yuko wapi fundi wa bahari?" aliuliza. "Leo si ndiyo leo?"

Nilisimama, pampu yangu mkononi. Kicheko kilipanda kama vumbi.

"Leo ndiyo leo," nikasema. "Twendeni kwenye ushahidi."

Walijaa chumba cha sayansi mpaka mlangoni, wengine madirishani. Kanga ya mama bado ilifunika kioo. Mwalimu Kokwijuka alikuwa amesimama pembeni na jiwe lililokwisha kujazwa. Nikapanda juu ya kiti.

"Watu wa Nyabiyonza! Nyuma ya kanga hii yuko mgole. Amekuja kutoka mbali, hana ndugu hapa. Nawauliza: ni nani kati yenu, binti yake alipoolewa, aliruhusu umati umkodolee macho akila?"

Mzee mmoja akasema, "Hakuna."

"Basi msimtendee huyu jambo ambalo hamwezi kumtendea binti yenu. Geukeni. Nyote! Mimi nageuka pia. Atabaki mtu mmoja wa kutazama."

"Nani?" watu wakauliza.

"Kamugisha."

Vurugu ilizuka. Mwalimu alinivuta suruali. "Una wazimu?" alininong'oneza. "Akisema hajala?"

"Kama nitamchagua rafiki yangu, nani ataamini?"

Nyuma ya watu kilisikika kicheko chembamba cha kizee. Bibi Kemilembe, amejikunja juu ya fimbo yake, alikuwa wa kwanza kugeuka. "Hii naijua," alisema. "Geukeni, enyi msio na adabu." Wakageuka. Watu zaidi ya mia, nyuso ukutani, vichwa vimeinama, kama darasa zima lililoadhibiwa. Mwalimu akaliteremsha jiwe, akaondoa kanga, akageuka. Kamugisha akakaa chini mbali kidogo na kioo, mkuki magotini. Nami nikashuka nikageuka, pampu kifuani, nikabaki natazama mchoro wa panzi uliobandikwa ukutani.

Nilisikia mapovu. Nilijua kila povu kwa jina. Nilisikia Mwenyeji akipiga maji, halafu kimya. Mtoto alikohoa akafumbwa mdomo. Muda ulipita ambao ungetosha kufunga gurudumu la mbele na la nyuma. Kamugisha hakusema kitu. Panzi yule alikuwa na miguu sita; niliihesabu mara nyingi. Nikafikiri: amekula, na huyu ananyamaza makusudi. Nikafikiri: hajala. Nikafikiri kwamba neno langu lote, na la baba yangu aliyekufa bila kulisema, liko mdomoni mwa mtu mmoja anayenichukia, na ni mimi niliyeliweka humo.

"Kamugisha," sauti ya bibi yake ilisema, polepole, bila kugeuka. "Mjukuu wangu. Macho yako yanaona nini?"

Aliguna. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya mtu aliye kanisani.

"Anakula," alisema. "Ameingiza mdomo wote ndani ya tundu. Ametoa. Ameenda tundu la pili." Kisha akasahau kabisa kwamba tulikuwa maadui. "Jamani, anakula! Huyu mweusi amemsogelea na yeye hajali! Yuko la tatu!"

Vigelegele viliezua paa. Mwalimu Kokwijuka alimkumbatia mama yangu, kisha akamkumbatia Byarugaba, ambaye hakutegemea. Watu waligeuka, na kitatange akakimbilia nyuma ya jiwe kama ilivyompasa, na hakuna aliyemlaumu.

Uwanjani waliniachia nafasi katikati. Kamugisha alinifuata, akaushika mkuki wake katikati, akaninyoshea upande wa mpini.

"Shika," alisema. "Mtu hajigambi mikono mitupu."

Niliutazama. Ulikuwa mkuki mzuri, wa babu yake. Niliugusa kwa heshima, nikamrudishia.

"Mikono yangu si mitupu," nikasema, na nikainua pampu juu.

Mimi ndimi Mpa-Bahari-Pumzi!
Ilikuja imezimia ndani ya madumu,
nikaipuliza kwa tairi la lori, ikafumbua macho.
Mimi ndimi Asiyetazama-Akashinda,
niliyeuelekea ukuta, ushindi ukanijia kwa nyuma.
Mwana wa Harerimana aliyevuka mto na jembe begani,
mwana wa Nyirabageni aliyekula akilia
nyuma ya mkeka wa Kemilembe.
Kemilembe alitawisha mmoja, leo tumezaliwa wengi!
Mjukuu wake aliona, mjukuu wake hakudanganya:
Kamugisha-Jicho-la-Kweli, naye yumo katika sifa zangu.
Hodi nilibisha kwa mdomo, si kwa kioo.
Nani asema mimi ni wa kuja?
Yavurugeni mawe yote, kisha mwambieni aonyeshe mlango wake!

Nilisimama nikangoja lile neno. Niliwatazama wote usoni, mmoja mmoja, wazee na vijana. Hakuna aliyesema ushahidi. Bibi Kemilembe alikuwa amekaa karibu na mama yangu, wameshikana mikono, na hawakuwa wakinitazama mimi, walikuwa wakitazamana.

Kisha ngoma ikaanza, nami nikatoka mbio uwanjani, kwa sababu ilikuwa adhuhuri imepita na tairi linakaribia kuisha hewa. Mikupuo mia nne haingoji sifa. Nilipofika mia mbili, jasho linadondoka, kivuli kikasimama mlangoni. Kamugisha aliegemeza mkuki wake ukutani, chini ya mchoro wa panzi, akakunja mikono ya shati lake jeupe la misa.

"Lete hiyo," alisema. "Imebaki mikupuo mingapi?"